Jiwe la Kuazima

Wengi wa wasomaji wetu hawajapata kuona ardhi iliyoganda kwa baridi, wala hawatazamii kuiona. Wakaao chini ya Kilimanjaro huiona theluji ya Kibo kwa mbali asubuhi, na wapagazi wapandao huko juu hukanyaga alfajiri changarawe iliyoshikamana kama sakafu, ambayo kabla ya adhuhuri imekwisha kulegea ikawa tope. Lakini sisi tulio wengi, tukisikia neno udongo, twafikiri habari za jembe na mvua. Hatufikiri juu ya kitu kiwezacho kuwa jiwe leo na uji kesho. Hata hivyo twataka kusimulia habari za watu walioufanya udongo kuwa jiwe kwa makusudi, ili wapate kuchimba chini yake bila kufa, na jinsi jiwe hilo lilivyowatendea.

Tuanze na kopo. Mwaka mmoja tulitwaa kopo kubwa la maziwa, tukalijaza mchanga uliolowa maji, tukamwomba mwenye duka aliye jirani na shule atuwekee katika jokofu lake la samaki. Siku ya pili tukalipasua bati, tukatoa nguzo ya mchanga, na wanafunzi wakaigonga kwa nyundo. Ikalia. Kijana mmoja, mkubwa kuliko wote darasani, akapanda juu yake akasimama kwa mguu mmoja, nayo haikufanya kitu. Tukaiacha juu ya meza tukaendelea na hesabu. Mchana ulipofika palikuwa na maji mezani, na katikati ya maji chungu ya mchanga. Kijana yule akauliza, "Sasa, Mwalimu, nguvu yake imekwenda wapi?"

Jibu tulilompa lilikuwa fupi, nalo halikuturidhisha sisi wenyewe. Tulimwambia ya kuwa nguvu ile haikuwa ya mchanga hata kidogo. Ilikuwa ya barafu iliyojaa katikati ya chembe, ikizishika kama chokaa ishikavyo mawe ya ukuta. Barafu ilipoyeyuka, chembe zikaachana. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tangu siku ile tumesoma zaidi, tukaona ya kuwa swali la kijana yule limewagharimu watu wa mataifa makubwa fedha nyingi na nyumba zao.

Katika Siberia, upande wa mashariki wa Urusi, uko mji uitwao Yakutsk. Wakati wa kiangazi watu hulima bustani huko, lakini jembe likishuka kidogo tu hukuta ardhi ngumu isiyoyeyuka mwaka mzima. Mwaka 1828 Fyodor Shergin, aliyesimamia mambo ya kampuni moja ya biashara katika mji ule, alianza kuchimba kisima, kwa kuwa alitaka maji. Akachimba, akachimba, asione maji, maana maji yote yalikuwa barafu. Mtu mwingine angaliacha, naye alikuwa karibu kuacha. Lakini msafiri mwenye elimu, Ferdinand von Wrangel, alimsihi aendelee, apate kujua baridi ile imeshuka hata wapi. Alipoacha mwaka 1837 shimo lilikuwa limefika mita 116, yaani urefu wa minazi mitano mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine, na maji hayakuonekana. Baadaye, mwaka 1844, mtaalamu Alexander von Middendorff alifika na vipimo vyake vya joto, akapima katika kuta za shimo. Hata mwishoni kabisa baridi ilikuwa karibu na digrii 3 chini ya sifuri.

Shergin hakupata maji, lakini shimo lake lingali liko, nalo lajulikana kwa jina lake hata leo. Aliyepata kuchimba choo katika ardhi ya mchanga atastaajabu kwa habari hiyo, kwa kuwa ajua jinsi kuta zinavyoporomoka kabla mchimbaji hajazama mpaka kifuani. Ardhi iliyoganda husimama. Wachimba dhahabu wa Siberia walikwisha kulijua jambo hilo kwa uzoefu. Walipotaka kushuka chini ya kitanda cha mto, walichimba barafu ya juu kidogo kidogo wakati wa baridi kali, wakingoja kila mara maji ya chini yagande zaidi ndipo waendelee. Hivyo wakashuka ndani ya kisima chenye kuta za barafu, na mto ukiwazunguka pande zote.

Sasa mtu akiwa hana baridi ya Siberia, afanyeje? Swali hilo liliulizwa katika migodi ya Ujerumani. Wasomaji watadhani ya kuwa adui mkuu wa mchimba migodi ni mwamba mgumu, lakini mwamba huchukua muda na jasho, basi. Anayeogopwa ni mchanga laini uliojaa maji. Ukiutoboa, hautoki kama mchanga, hutoka kama uji. Hujaza shimo kwa dakika chache, na kila pipa linaloingia chini huacha nafasi tupu huko juu, hata nyumba zilizo juu yake zikainama. Kuutoa kwa ndoo ni kazi bure, kwa kuwa mwingine huja mahali pake. Makaa ya mawe mengi yalikuwa chini ya mchanga wa namna hiyo, watu wakijua yalipo na wasiweze kuyafikia.

Mwaka 1883 Friedrich Hermann Poetsch alipewa hati ya serikali ya kuilinda hekima yake mpya, baada ya kukutana na mchanga huo katika mgodi wa Archibald, karibu na Schneidlingen. Hekima yenyewe, ukiisha kuielewa, ni nyepesi mno. Kuzunguka mahali patakapochimbwa alishusha mabomba ya chuma, yamesimama kama miti ya boma. Kila bomba lilizibwa chini, na ndani yake likatiwa bomba jingine jembamba lililo wazi. Kisha maji ya chumvi yaliyopozwa kwa mashine yakashushwa kwa bomba la ndani na kupanda kwa bomba la nje, mchana na usiku, yakirudi kila mara kwenye mashine kupozwa tena. Chumvi hiyo si ya mezani. Ni ile iitwayo kalsiamu kloridi, ambayo maji yake hayagandi hata yakifika digrii 25 au 30 chini ya sifuri. Mchanga unaozunguka kila bomba ukaganda, ukanenepa wiki baada ya wiki, hata nguzo zikagusana na kuwa ukuta mmoja wa mviringo. Ndani ya ukuta huo wakachimba kama watu wanaochimba katika jiwe.

Twakiri ya kuwa jambo hili latupendeza sana. Maji yale yale yaliyokuwa yakiwafukuza wachimbaji yamefanywa kuwa walinzi wao. Tena hakuna kitu kigeni kinachobaki ardhini baada ya kazi. Mashine huzimwa, na mchanga hurudia hali yake. Wasomaji waliweke moyoni neno hilo la mwisho, maana tutalirudia kwa huzuni.

Hekima ya Poetsch ilienea upesi. Katika Paris, walipochimba njia ya reli ya chini ya ardhi kando ya mto Seine, penye uwanja wa Saint-Michel, waligandisha ardhi kwa maji ya chumvi ili wapite. Na njia ile ikafunguliwa Januari 1910. Katika Moscow, ambako reli ya chini ilifunguliwa mwaka 1935, walishuka kwa mashimo yaliyogandishwa kupita tabaka za juu zenye maji. Katika Marekani, mwaka 1936, udongo wa mfinyanzi ulipokuwa ukiteleza na kuharibu kazi ya boma la Grand Coulee, wajenzi waliugandisha sehemu ya mbele, na barafu ikawa kama kizingiti kilichouzuia.

Lakini kadiri walivyoitumia ndivyo walivyoona ya kuwa jiwe hili lina tabia zake. Warusi, ambao sehemu kubwa sana ya nchi yao ni ardhi iliyoganda, walizichunguza kuliko wote. Mwaka 1937 N. A. Tsytovich na M. I. Sumgin walitoa kitabu juu ya elimu ya nguvu za udongo ulioganda, na katika mji wa Igarka, kando ya mto Yenisei, vyumba vilichimbwa ndani ya ardhi yenyewe, ili kupima udongo katika baridi yake ya asili bila ya kuupasha moto kwa kuuhamisha.

Waliyoyaona ni haya. Mchanga uliolowa, ukigandishwa hata digrii 10 chini ya sifuri, waweza kuchukua mzigo wa zaidi ya kilo 100 kwa kila sentimita moja ya mraba, yaani hushindana na zege hafifu. Ukizidisha baridi, nguvu huzidi. Ukiwa digrii 1 au 2 tu chini ya sifuri, ni dhaifu mno, ijapokuwa kwa macho ni mgumu vile vile. Udongo wa mfinyanzi ni wa hila zaidi. Maji yaliyoshikwa na chembe zake ndogo sana hayagandi yote kwa sifuri; sehemu yake hubaki maji hata katika baridi kali kidogo, na kwa hiyo mfinyanzi unaosemwa umeganda ni mchanganyiko wa barafu, udongo, na maji yanayokataa kuganda.

Kisha liko jambo la muda, nalo ndilo gumu kuliko yote. Zege likipimwa leo likachukua mzigo, kesho na mwaka ujao litauchukua. Udongo ulioganda hauko hivyo. Ukiutwika mzigo ambao waweza kuuchukua kwa saa moja, ukauacha hapo kwa miezi, utaona unajongea: kwanza haraka kidogo, kisha polepole sana hata mtu akadhani umetulia, na mzigo ukiwa mkubwa kupita kiasi, mwisho wake hujongea kwa haraka tena na kuvunjika. Sababu yake ni barafu, ambayo chini ya mzigo hutambaa, kama vile barafu za milima ya Ulaya zinavyoshuka mabondeni kila mwaka bila ya mtu kuziona zikienda. Kwa hiyo nguvu ya siku nyingi pengine ni nusu tu ya nguvu ya saa moja, au chini ya hapo. Injinia akiulizwa, "Ukuta huu una nguvu gani?" hawezi kujibu kabla yeye mwenyewe hajauliza, "Kwa baridi gani, na kwa muda gani?" Tungalijua hayo siku ile ya kopo, tungalimjibu kijana wetu vizuri zaidi.

Nao udongo ukiganda huvimba. Tulisoma shuleni ya kuwa maji yakigeuka barafu huongezeka karibu sehemu 9 katika 100, tukadhani tumemaliza. Lakini Stephen Taber wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1929 na 1930 ya kuwa hesabu hiyo haitoshi. Aligandisha udongo uliotiwa benzini badala ya maji, nayo benzini husinyaa ikiganda, na bado udongo ukavimba. Kumbe udongo unaoganda huvuta kutoka chini maji mengine, kama utambi uvutavyo mafuta ya taa, na kuyapanga kuwa tabaka za barafu safi. Hizo ndizo zinazoinua barabara na nyumba. Barafu hiyo ikiyeyuka, udongo umekwisha kuwa na maji kupita alivyokuwa nayo mwanzo. Hulegea, hushuka, wala haushuki sawasawa.

Hata maji yanayopita huizuia baridi. Penye maji yatembeayo ardhini mita mbili hivi kwa siku, maji ya chumvi hushindwa, kwa kuwa joto jipya huletwa kabla ukuta haujafunga. Katika Fukushima, huko Japani, baada ya tetemeko na mafuriko ya bahari ya mwaka 2011, waliweka ukuta wa ardhi iliyogandishwa kuzunguka nyumba za mitambo iliyoharibika, wenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu na kina cha mita 30, kwa mabomba zaidi ya 1,500. Walianza kuugandisha Machi 2016. Maji yanayoingia yamepungua sana, lakini hayakukoma. Na mashine lazima ziendelee. Katika Shanghai, tarehe 1 Julai 2003, ardhi iliyogandishwa ilishindwa mahali palipokuwa pakichimbwa kipito kati ya njia mbili za reli, karibu na mto Huangpu. Maji na mchanga vikaingia, na majumba ya juu yakaanguka.

Wazee walisema ya kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Baridi hii pia ni ya kuazima, na hulipwa kila siku. Wa kututhibitishia hayo ni watu wa Leningrad, mji ambao tangu mwaka 1991 umerudishiwa jina la Saint Petersburg.

Reli ya chini ya mji ule hupita chini sana, katika mfinyanzi mgumu usiopitisha maji, ambao ni mzuri kwa kuchimba. Lakini upande wa kaskazini, kati ya vituo vya Lesnaya na Ploshchad Muzhestva, mfinyanzi umekatika. Zamani zile kabla ya watu palikuwa na bonde la mto, nalo bonde likajaa mchanga na maji, kisha likafunikwa, hata juu yake wakajenga mtaa. Mainjinia walilijua bonde hilo. Wangaliweza kupita mbali nalo. Wakachagua kupita ndani yake, wakaziweka njia mbili za treni moja juu ya nyingine ili sehemu ya kugandishwa iwe nyembamba. Mabomba yakashushwa kutoka juu, na maji ya chumvi yakaanza kuzunguka.

Tarehe 8 Aprili 1974 mchanga ulivunja ukuta wa barafu ukaingia. Wachimbaji waliukimbia, njia zikafungwa, lakini mchanga uliokwisha kuingia ulikuwa umetoka mahali, na mahali hapo palikuwa chini ya nyumba za watu. Mtaa ukashuka, kuta zikapasuka. Serikali haikutaka kuacha. Maji ya chumvi yalipoonekana hayatoshi, waliagiza naitrojeni, ile hewa ambayo ikipozwa hata digrii 196 chini ya sifuri huwa majimaji. Ikaletwa kwa magari, ikamiminwa katika mabomba, na ardhi ikaganda ikawa ngumu kweli kweli. Wakapita. Tarehe 31 Desemba 1975 treni ilivuka bonde lile, na watu wakausifu ushindi.

Hatuwalaumu kwa kusherehekea, kwa maana kazi ile ilikuwa ya ushujaa. Lakini mashine zikazimwa, naitrojeni ikaenda zake, na ardhi ikaanza kurudia hali yake. Zege na chuma cha zile njia vikabaki katika mchanga ulioyeyuka, uliolegea kuliko mwanzo, na treni zikipita juu yake kutwa. Njia zikashuka mwaka baada ya mwaka, viungo vikaachana kidogo, maji yakaanza kudondoka, kisha maji pamoja na mchanga. Kumbukeni ya kuwa kila kijiko cha mchanga kiingiacho huacha nafasi nje ya ukuta. Wafanya kazi waliziba huku, pakatoboka kule. Wako wasemao kosa lilikuwa katika viungo, na wako wasemao lilikuwa katika siku ile ya kwanza ilipochaguliwa njia. Sisi twaelekea upande wa hao wa pili. Desemba 1995 njia ikafungwa, na maji yakatiwa ndani kwa makusudi, ili yasukume kutoka ndani kama yale ya nje yanavyosukuma, mchanga usizidi kuingia.

Hapo reli ikawa vipande viwili. Watu wa mitaa ya kaskazini, waliozoea kufika mjini kwa treni moja, walishuka Ploshchad Muzhestva, wakapanda ngazi, wakangoja basi katika theluji, wakapanda basi mpaka Lesnaya, wakashuka tena chini ya ardhi. Walifanya hivyo asubuhi na jioni kwa muda wa miaka minane na nusu. Mtoto aliyeanza shule mwaka ule alikuwa kijana njia ilipofunguliwa.

Mainjinia waliporudi bondeni hawakuligandisha tena. Walileta mashine kubwa ya kuchimbia iliyopewa jina la Viktoria, ambayo hukata mchanga huku ikiusukuma kwa tope zito usipate kumwagika, na nyuma yake hupanga kuta za zege papo hapo. Kuta hizo hazidai baridi ya mtu yeyote. Njia mpya zilipita kando ya zile za kale, na treni ya kwanza ikavuka tarehe 26 Juni 2004. Zile za kale ziliachwa chini, na maji yake ndani.